Mutheu Amefika Mia

Dada yangu Mwende,

Nakusihi usome haya ukiwa peke yako, wala neno lolote lisifike kwa Mama. Alinikataza kukuandikia habari za kukuliza huko ugenini unakofanya kazi. Lakini jambo lenyewe ni la mwanao, na nimemwahidi kitu nisichoweza kukitimiza bila wewe.

Unaikumbuka jioni ile hapa Kitengela, tulipounganisha kompyuta yake ndogo ya kujifunzia na hii yangu ya mezani ili tuitie sauti yako? Mutheu alikuwa amelala begani mwako. Jua la vumbi liliingia dirishani, chumba kizima kikawa rangi ya chai. Waya ulikuwa umelegea. Ukiuachilia tu, mawasiliano yanakatika. Nilisita kuugusa.

"Ai, Musyoka! Unaogopa hata waya? Shika, haiumi."

Nikaushika. Ukainamia maikrofoni, ukasema polepole, "Mutheu wa Mama, leo tuhesabu mpaka kumi." Papo hapo ng'ombe wa jirani wakapita wakirudi bomani, kengele zao zikalia nje ya dirisha. Nikataka turudie.

"Wacha ziingie," ukasema. "Atajua niko nyumbani."

Siku hizi nikirudi kutoka ofisini Kajiado, namkuta amesimama langoni. Kwenye ile kompyuta wewe huja na kengele, basi akizisikia anatoka mbio. Mchunga ng'ombe humsalimu kwa Kimaasai, "Sopa!" Naye hujibu, "Ipa," huku macho yake yakitafuta nyuma ya ng'ombe wa mwisho.

Juzi aliiwasha, mkahesabu mpaka kumi kama kawaida. Kisha akanigeukia.

"Anko, mbona Mama hajui nimefika mia?"

Masomo yote amemaliza. Mapya ninayo, yanangoja waya tu, lakini yakiingia yatafuta sauti yako. Usihofu, ile ya zamani nimeirekodi kwenye simu. Hata hivyo kidole kilibaki juu ya kitufe, nikashindwa kubonyeza, mimi karani ninayebonyeza vitufe kutwa nzima.

"Si Mama aseme ingine?" akauliza.

"Atasema," nikajibu, kabla sijalipima neno lenyewe.

Najua kwa nini unatutumia maandishi tu. Uliniandikia kwamba ukiisikia sauti yake utarudi na nguo ulizovaa. Naogopa kukuvuruga, Dada. Ila namwogopea zaidi mtoto anayehesabu na mama yake mpaka kumi, halafu anaendelea peke yake.

Mara nyingine, nikiwa mezani kazini, macho hunipotea dirishani. Nauona ule waya umerefuka, umepita juu ya nyasi kavu za Kajiado, juu ya migongo ya ng'ombe na mawingu, mpaka kwenye kiganja chako. Huku mwisho mwingine nimeushika mimi, sithubutu kupumua.

Tafadhali piga simu Jumamosi. Siku za kazi siruhusiwi kushika simu ofisini. Nambari ni ileile. Piga jioni, saa ya ng'ombe kurudi. Ukishindwa kusema, usikate, tutangoja. Ukiweza, anzia mia na moja.

Dirisha nitalifungua mapema. Waya nitaushika.

Mdogo wako,
Anko wa Mutheu