Tofu Niliyoigandisha kwa Mtindi

Mwanangu Kabula,

Baba yako anakusalimu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza tu kuongea nalia, nawe unakata ukidhani mtandao umegoma.

Uliporudi hapa Segese safari ile, ukatuambia huli tena kitu chochote kinachotoka kwa mnyama, si nyama, si maziwa, si mayai, baba yako alicheka mpaka akakohoa. Zizi limejaa ng'ombe, na binti yake anaomba mchicha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza nitakupa nini.

Ndipo nikamfuata Mama Rehema, yule wa Morogoro anayeuza tofu sokoni. "Mpe hii," akaniambia. "Ni soya, maji na ndimu. Mnyama hayumo." Nikaona nikutengenezee kwa mkono wangu. Nikaloweka soya, nikaisaga, nikachuja kwa kanga safi, nikachemsha. Ndimu sikuwa nayo. Lakini sisi wafugaji, kitu kikikataa kuganda tunakitia mtindi. Sikuwaza kwamba nao ni maziwa, kwangu ulikuwa kigandishio tu. Nikamimina kutoka kwenye kibuyu, ikaganda vizuri sana.

Unakumbuka ulivyokula? Ulikaa kwenye kigoda pale jikoni, ukamega ugali, ukasema, "Mama, leo ndiyo nimefika nyumbani." Kichwa kikanivimba. Ukaniuliza nimeigandishaje, nami nikakueleza kwa maringo yote, mpaka nikafika kwenye mtindi.

Hukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulirudisha kipande sahanini taratibu, ukanawa mikono, ukasema, "Hukujua, mama." Kesho yake ulipanda basi.

Sasa najua. Ndimu hazikosekani humu ndani, na juzi nimegandisha tofu nyingine, nyeupe, imeshikana, Mama Rehema mwenyewe ameionja akakubali. Nilitaka kukuambia ulipopiga simu, ila ukaniwahi: "Mama, Krismasi nakuja, ila usihangaike. Nitabeba chakula changu." Ulisema kwa upole kabisa. Nikajibu sawa. Tofu aliila baba yako, akauliza mbona haina chumvi.

Mwanangu, mtu akija na njaa najua la kufanya, ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mtoto anayerudi kwake amebeba chakula, sijui nimpokeeje. Nimewaza, nimechoka.

Basi njoo hivyo hivyo. Nitakuwekea kile kigoda, nikae nikuangalie ukila cha kwako.

Ni mimi,
Mama yako