Mgongo wa Mboni

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, 4 Februari 2024

Dada Sitara,

Shikamoo. Natumaini hujambo na baridi ya huko imepungua. Mama ni mzima, anakusalimu, ila nyumba haina raha.

Mtoto wetu Mboni, aliyezaliwa Jumatatu tarehe 29, alifariki jana asubuhi. Alizaliwa na mgongo wazi. Walimfanyia upasuaji siku ya pili, hakuvuka. Tumemzika jana hiyo hiyo.

Mama anasema kasoro imetoka kwa kina Najma, maana hata mimba ya kwanza iliharibika. Anataka nimrudishe mke wangu kwao Buguruni, na hata arobaini yake ya uzazi haijaisha. Jumapili ijayo wazee wanakaa kikao. Wewe kazi yako ni hizo jeni zinazojenga neva. Nijibu kwa barua pepe hii hii imetoka upande gani, niichapishe niwasomee. Sipigi simu kwa sababu humu ndani Mama anasikia kila kitu.

Mdogo wako,
Twaha

Jumatano, 7 Februari 2024

Mdogo wangu Twaha,

Marahaba. Pole sana. Najma anaendeleaje? Hukuniambia.

Huku maabara nalea samaki wadogo kuliko dagaa, naangalia neva zao zinavyoota. Jeni zinazopanga hapa kichwa, hapa mgongo, samaki anazo, inzi anazo, na wewe unazo. Tumezirithi kwa mnyama mmoja wa baharini wa zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, zikabadilika kidogo kidogo. Uzi wa neva wa inzi umelala tumboni, wetu mgongoni. Wetu huanza kama kipande bapa, kikajikunja na kufungwa kama zipu unazouza. Isipofungwa, ndiyo mgongo wazi. Sababu huwa nyingi zilizochanganyika, na hakuna kipimo kitakachotaja ukoo wa mtu.

Ukurasa huu wa pili usome wewe mwenyewe kwanza. Zipu hiyo hufungwa kabla ya siku ya ishirini na nane tangu mimba itunge, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Ndiyo maana foliki asidi humezwa mapema. Najma alipewa vidonge? Alianza lini?

Dada yako,
Sitara

Ijumaa, 9 Februari 2024

Dada Sitara,

Shikamoo. Najma anakula kidogo, haongei. Nilipopata barua yako nilifunga duka nikafungua shajara ya mwaka jana. Nanakili kama ilivyo.

"13 Machi. Kliniki imempa Najma vidonge vya foliki asidi, ameze kabla ya kushika mimba. Hana ugonjwa wowote, dawa za nini? Nimevifungia kabatini hadi mimba ithibitike."

"20 Mei. Ameomba vidonge. Nimemwambia asubiri."

"3 Juni. Ameomba tena. Ameniita Bwana Stoo. Tumecheka."

"17 Juni. Kipimo kimeonyesha mimba. Nimempa vidonge."

Nimehesabu kurudi nyuma. Siku ya ishirini na nane iliangukia mwanzoni mwa Juni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimefanya nini?

Mdogo wako,
Twaha

Jumamosi, 10 Februari 2024

Twaha mdogo wangu,

Marahaba. Usinyamaze. Siwezi kusema vidonge vingemwokoa Mboni. Wapo waliovimeza na bado ikatokea. Lakini vingepunguza hatari, na Najma aliviomba mara mbili. Wazee walisikie hilo kutoka kwako. Wakati ule hukujua. Kesho utakuwa unajua. Nijibu kikao kikiisha, saa yoyote.

Dada yako,
Sitara

Jumatatu, 19 Februari 2024

Twaha,

Hujambo? Siku tisa sasa. Mama kwenye simu anasema wote wazima. Nilipomuuliza habari za Najma, akaniuliza habari za baridi.

Dada yako,
Sitara

Jumapili, 10 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Mfungo umekaribia, nisingependa unikute sijakujibu.

Kikaoni nilisoma ukurasa wa kwanza. Kwenye inzi, Baba mkubwa Mwinyimvua akasema, "Kwa hiyo mimi na inzi wa buchani ni mtu na binamu yake?" Wakacheka, Mama naye akacheka. Nikaona wamelainika. Nikasoma kwamba hakuna kipimo cha kutaja ukoo. Baba mkubwa akasema, "Basi kama wasomi hawajui, sisi tufuate tunachokijua." Wote wakaniangalia. Ukurasa wa pili nilikuwa nao mkononi. Nikaukunja nikautia mfukoni.

Najma alikuwa nyuma ya pazia muda wote, akisikiliza. Saa kumi kaka yake Ismail alikuja na bajaji kumchukua. Alitoka taratibu, tumbo limefungwa kanga kama anavyofungwa mzazi. Mlangoni akasimama, akaniuliza, "Barua ya wifi umeisoma yote?"

Nikamwambia ndiyo.

Twaha