Tulivyokwenda Kuposa Pikapu

Nyumba za Reli,
S.L.P. 618,
Nakuru.
12 Juni, 1977

Mpendwa shemeji Ndung'u,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, dada yangu Truphosa na watoto hamjambo, na joto la Mombasa halijawamaliza. Kifua cha Truphosa kimepoa? Huku tunapumua tu. Mke wangu Achola anaumwa na magoti kwa hii baridi, lakini anatembea.

Najua unangoja habari ya pikapu. Hakuna pikapu, shemeji. Nimeona heri niseme hapa juu, usiendelee kusoma ukifurahi.

Unajua mpango ulivyokuwa. Nimestaafu reli, na nyumba hii wanaitaka mwisho wa mwezi. Wakulima wa Keringet walikuwa wamenikubalia nibebe viazi vyao mpaka soko la Nakuru, bora nije na gari mpya, maana zile kuukuu zinawalalia njiani. Kiinua mgongo changu, pesa zako, na zile Truphosa alipata kwa kuuza cherehani, jumla ilikuwa elfu hamsini. Achola alinishonea zote ndani ya koti.

Kosa langu ni kwamba sikwenda peke yangu. Nilimchukua mjomba Odero na wazee wawili wa kanisa, tukavaa suti kama watu wa mahari. Mjomba ndiye msemaji wetu mambo ya ng'ombe, wewe mwenyewe alikutoa jasho ulipomposa Truphosa. Na hajasahau wazee wenu walivyosimama waende zao, sisi tukawakimbilia mpaka kwa geti!

Muuzaji, Bwana Rajinder, alituagizia chai. Bei elfu hamsini na mbili. Mjomba akaanza na thelathini na tano, bila haya. Rajinder hakukasirika. Alifungua faili akatuonyesha karatasi moja moja: bei ya kiwandani, meli, ushuru, treni kutoka huko kwenu Kilindini, na riba ya benki kila mwezi gari ikikaa dukani. Faida yake haikufika elfu tatu. Akatueleza kwamba mwaka jana, gari ikikaa miezi mitatu inakula riba, alikuwa anapunguza mpaka anaumia, bora iondoke. Sasa kahawa imepanda bei, na gari haimalizi wiki. Akashuka mpaka hamsini, akasema hapo ndipo mwisho.

Hamsini, shemeji! Nilikuwa nayo hapa kifuani. Nikapeleka mkono, mjomba akanikanyaga mguu. Akachukua kofia yake, akasema tunakwenda kushauriana. Na mimi, mzee mzima, nikasimama nikamfuata. Tulitembea polepole mpaka barabarani, masikio yote nyuma. Hakuna aliyetuita.

Tukakaa siku mbili ili tusionekane tuna njaa. Siku ya tatu nikarudi peke yangu. Pikapu ilikuwa imekwenda na mkulima wa kahawa wa Solai, alilipa hamsini na mbili bila kuuliza neno. Itakayokuja ni hamsini na saba, na kuna watu kumi na mmoja mbele yangu. Rajinder aliniambia, "Mzee Obura, ungesema sawa siku ile, ungeondoka nayo." Sina la kumlaumu. Mjomba naye sijasema naye tangu hapo, ingawa mguu uliosimama ni wangu.

Keringet wameshapata mtu mwingine. Achola anafunga vyombo kwa magunia, tunarudi Ugenya, na ile nyumba ya huko haina paa. Pesa zako na za Truphosa nitazituma kwa posta wiki hii. Zangu zitaliwa kidogo kidogo, nazijua. Sioni njia nyingine, na nimetafuta.

Nisalimie Wariara na mdogo wake Zeddy, waambie wasome. Mungu awafunike huko mlipo, awape afya na kazi isiyokatika.

Jambo la mwisho, nakuomba kama ndugu. Mwambie Truphosa gari iliuzwa kabla hatujafika. Kwamba pesa zilitosha, na nilikuwa nazo mwilini nikatoka nazo, hilo lisimfikie. Cherehani ile ilikuwa ya mama.

Mimi shemeji yako, nikupendaye pamoja na aibu yangu,
Obura