Sentensi Moja kwa Kabula

Kaka yangu Maganga,

Leo asubuhi nimepita kwenye mlango wa chumba chako na mdomo umesema wenyewe, "Shikamoo kaka." Kisha nikasimama pale nasubiri marahaba. Bi Zuhura, jirani yetu, akanishika mkono akanipeleka jikoni na kunipa uji ambao sikuunywa. Tangu jana alfajiri ulipokata roho pale hospitali sijakaa mahali muda wa kutosha kumaliza hata kikombe cha chai. Nakaa, nainuka. Naenda uani, narudi. Wakubwa wananiambia tulia, nami nawaitikia huku natembea.

Sasa nimejifungia kwenye kile chumba chako cha kusahihishia madaftari. Nje wamefunga turubai, makochi yametolewa sebuleni, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na kwaya ya kanisani imeanza ule wimbo uliokuwa ukiununia kwa sababu beti zake haziishi. Nimechukua kalamu yako nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nakuandikia wewe kwa sababu kuna mtu mwingine ninayetakiwa kumwandikia sentensi moja tu, kwa Kiingereza, na nimeshindwa. Mtu huyo ni Kabula, mwanao.

Jana, kabla hata hatujaondoka hospitali, Baba Mdogo aliniambia, "Nyamizi, wewe ndiye mwenye Kiingereza. Mwarifu mtoto." Nikamwarifu. Nilimwarifu vile tunavyoarifiana sisi: nikamwandikia kwenye simu kwamba baba yake anaumwa sana, ajitahidi aje. Unajua mtu yeyote wa huku angefanya nini akipata ujumbe huo kutoka kwa shangazi yake. Angeangusha simu. Angelia hapo hapo alipo, majirani wangeingia, na kabla ya jioni angekuwa stendi na khanga kiunoni. Nani kwetu amewahi kuambiwa msiba waziwazi kwenye simu? Tunaambiwa anaumwa, njoo. Tunakuja tukiwa tumeshaelewa.

Kabula amejibu leo. Anasema pole sana shangazi, mwambie baba apone haraka, nampenda, nitajitahidi nije Krismasi. Mwishoni ameweka kipicha cha ua.

Nimelisoma jibu hilo nikiwa nimesimama karibu na pipa la maji. Mtoto aliyeondoka hapa na mama yake Mzungu akiwa bado anabebwa, atajuaje kwamba huku "anaumwa" ya shangazi ina kaburi ndani yake? Hata Kiswahili hana, sembuse yale tusiyoyasema kwa Kiswahili. Nilimtumia maneno ya Kiingereza na maana ya huku kwetu Gongoni. Nimempigia, simu inaita tu. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba kazini kwao simu zinafungiwa kabatini, wanazishika wakati wa mapumziko. Na hata angepokea, najijua. Ningeanza na habari za huko, hali ya hewa, kazi, mpaka salio likatike.

Bi Zuhura ndiye wa kwanza kugundua. Aliniona nimekodolea simu, akauliza, "Kwani umemwambia nini hasa?" Nikamtafsiria. "Naye kasemaje?" Nikamtafsiria na jibu. Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika, na mimi nikamfuata, tukacheka pale nyuma ya jiko mpaka machozi. Wapita njia walidhani tunalia. Baadaye tulikuwa tunalia kweli.

Hapo ndipo nilipo, kaka. Baba Mdogo ameniuliza mbele ya wazee kama mtoto anakuja. Nikasema ujumbe ameupata. "Sijauliza hilo," akasema. "Kama anakuja tutamsubiri, hata wiki, mochwari wapo. Kama haji, kesho tunamsafirisha Maganga kwenda nyumbani Ziba tukamzike karibu na mama yake. Nataka jibu kabla ya jua kuzama." Jua tayari limehamia upande wa dirisha hili. Nisipoipata hiyo sentensi, kesho utafukiwa na mwanao wa pekee atakuwa huko aliko anakutakia upone.

Na wewe ndiye uliyetakiwa kunisaidia kuiandika. Ndicho kinachoniudhi. Kazi yako yote ya ualimu wa Kiingereza ilikuwa hiyo.

Nilipotoka Ziba kuja kukaa kwako nisome, Kiingereza changu kilikuwa kirefu kama foleni ya zahanati. Niliamini mtu mwenye akili ni mwenye maneno mengi. Nilipokwenda bweni nikakuandikia barua kwa Kiingereza ili ujivunie mdogo wako: ukurasa mzima wa salamu, nikitumai u mzima kama mimi nilivyo, nikiwasalimia majirani mmoja mmoja, mpaka mbuzi wa Bi Zuhura aliyekuwa na mimba. Uliirudisha kwa basi. Ulikuwa umekata kila kitu kwa kalamu hii nyekundu na kuzungushia duara mstari wa mwisho kabisa, ambako nilikuwa nimeomba viatu. Chini uliandika, "Kumbe hujavaa viatu! Ungeanza na hilo." Nilikununia likizo nzima, nikiwa nimevaa viatu hivyo.

Darasani uliwasimulia wanafunzi habari za babu wa babu yetu, aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Kila ukiisimulia safari yake ilizidi kuwa ndefu, lakini maneno ya mwisho hayakubadilika: mpagazi hafungi mzigoni kitu ambacho hatakihitaji njiani. Ukawaambia sentensi ya Kiingereza nayo ni hivyo hivyo. Toa kila neno ambalo likiondoka hakuna atakayelikumbuka. Lile zito liweke mwisho, kisha funga mdomo. Ulipenda sana hiyo "funga mdomo". Wanafunzi wakaigeuza jina lako la utani, ukajifanya hujui.

Ulinifanyia hivyo hivyo hata nilipofungua duka la asali. Nilikuletea maandishi ya kibandiko, nikiwa nimejipinda wiki nzima: asali hii ni asali nzuri sana na safi kabisa ya asili inayotoka kwenye misitu mizuri ya miombo ya mkoa wetu. Ulisoma ukiwa unatafuna karanga. Ukaacha "Honey from Tabora" na kunirudishia karatasi. Nikasema sasa watajuaje kama ni nzuri? Ukasema, "Si wataonja?" Kibandiko hicho kipo mpaka leo. Wateja wanakisifia, na mimi sikuwahi kukuambia kwamba nilikipenda.

Wananiita. Narudi.

Nimerudi. Walikuwa wanauliza funguo za stoo, basi. Nikakuta nimeshaanza kufagia uani ambako pamefagiliwa. Nimerudi hapa kwa sababu kuna jambo limenishika nikiwa na ufagio mkononi, na ni la kwako, si la kwangu.

Siku alipofariki mama, wewe ndiye uliyekuja kunichukua bwenini. Hukuniambia kwa kifupi. Wewe, Funga Mdomo mwenyewe, uliniambia mama anaumwaumwa, tumuage mwalimu tukamwone. Njiani ukaninunulia soda na biskuti, ukaongea habari za mvua, bei ya pamba, ng'ombe waliouzwa mnadani, habari ambazo hazikuwahi kukuhusu. Hukuachia bega langu hata mara moja. Tulipopita Nzega nilikuwa nimeshajua, na uliona kwamba nimejua, ukaendelea kuongea mpaka tukashuka. Nyumbani wanawake walikuwa wanatusubiri mlangoni, wakanipokea kabla sijaanguka.

Miaka baadaye nilikuuliza kwa nini siku ile hukuikata ile habari. Ulikuwa unavua viatu. Ukasema, "Nilitaka ufike kwanza."

Sasa nifanye nini na mambo haya mawili uliyoniachia? Kabula hawezi kufika kwanza. Asipoambiwa hatapanda ndege, na akiambiwa ataambiwa akiwa peke yake, pembeni ya kabati la simu, katika nchi ambayo watu wakikuona unalia wanatazama pembeni kwa heshima. Hilo linaniuma kuliko hata kifo chako, nisamehe. Wewe umekufa tumekushika mikono. Yeye nani atamshika?

Nimejaribu, kaka. Nimeandika kwamba nasikitika sana kumjulisha kwamba licha ya juhudi zote za madaktari. Nikafuta, nilijisikia kama mtangazaji wa redio. Nimeandika kwamba umetutoka. Nikafuta, huyu ataniuliza umekwenda wapi. Nimeandika kwamba Bwana amekuchukua, nikaona hapo napo anaweza kuuliza bwana gani. Nimeandika kwamba hupo tena nasi, nikalitazama hilo kwa muda, kisha nikakusikia unatafuna karanga nyuma yangu. Nikafuta.

Bi Zuhura ameingia bila kubisha, na uji ule ule ameupasha moto. "Bado?"

"Bado."

"Huko aliko yuko na nani?"

"Sijui."

"Sasa wewe mama, hujui yuko na nani na unataka kumpasulia? Sisi kabla ya kwenda kumwambia mtu si tunatanguliza wanawake wakakae naye? Muulize kwanza."

Ameondoka na kuniachia bakuli. Nimekunywa uji nusu. Na nimeandika, kwa Kiingereza chako, bila habari za huko wala hali ya hewa: Kabula, kaa chini. Uko na nani?

Nimetembea kutoka dirishani mpaka mlangoni sijui mara ngapi. Kwaya imemaliza wimbo wako mrefu na kuanza mwingine. Kisha simu imetikisika juu ya meza.

Yuko mapumzikoni. Yuko na rafiki yake wa kazini. Anauliza, kuna nini?

Nimemwandikia amshike mkono huyo rafiki. Amejibu ndiyo. Sikuuliza kama kweli amemshika. Nimechagua kuamini kwamba amemshika, vile ulivyonishika bega njia nzima.

Halafu nimeiandika, kaka. Your father has died. Nimeangalia kama kuna neno ambalo likiondoka hakuna atakayelikumbuka. Halikuwepo. Lile zito lilikuwa mwisho. Mkono ulitaka kuongeza kitu, pole, Mungu akutie nguvu, chochote cha kulifunika, na mkono mwingine ukabonyeza kutuma. Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo la kufunga mdomo.

Akaona. Ile alama ya kuonyesha amesoma ilitokea, na baada yake hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, nikamwita jina lake hapa chumbani kama mwendawazimu, Kabula, Kabula, mama, nipo. Nikakuchukia kidogo na sentensi zako fupi. Mtu anayeambiwa kwa kuzungushwa anapata mahali pa kujishika njiani. Huyu nimemtupia moja kwa moja.

Kisha jibu likaja. Wait for me.

Maneno matatu, kaka. Hakuna salamu, hakuna ua. Nimeyasoma na kuona mwandiko wako kabisa, ingawa hukuwahi kumfundisha. Nimelia kwa sauti, mara ya kwanza tangu jana, mpaka kwaya ikanyamaza na wanawake wakaja mlangoni. Niliwafungulia, nikapita katikati yao na simu mkononi mpaka chini ya turubai walipokaa wazee. Baba Mdogo alinyanyua uso. Jua lilikuwa bado lipo, kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote: kosa la jana, lile ua, kabati la simu, rafiki yake. Nilikuwa na mengi sana.

"Tumsubiri," nikasema.

Baba Mdogo akanitazama, kisha akamgeukia mwenye gari na kumwambia safari ya kesho haipo. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nimerudi kurudisha kalamu mahali pake. Nimekaa kwenye kiti chako, na kwa mara ya kwanza miguu haitaki kuinuka. Uji uliobaki umepoa, nitaunywa hivyo hivyo. Kwa Kiingereza sina tena la kusema, na kwa Kiswahili nimekuzungusha vya kutosha, ungekuwa umeshakata ukurasa mzima. Lala, kaka. Kabula anakuja.

Mdogo wako,
Nyamizi