Sauti Niliyoisikia Redioni

Dada yangu mpenzi,

Natumai wewe na shemeji hamjambo. Mimi mzima, ila mke wangu amewapeleka watoto kwa mama yake hadi mgomo uishe. Nyumba imepoa; siku hizi nala nimesimama jikoni.

Jana redioni walikuwa wakitujadili sisi madereva wa mabasi. Mwanamke mmoja akapiga simu: "Hao wana tamaa tu!" Ilikuwa sauti yako, dada.

Sikukasirika. Lakini mwezi uliopita, baada ya saa kumi na sita kazini, nilisinzia kwenye usukani, basi limejaa watu. Mtoto alilia, nikazinduka. Pamoja na mshahara, tunadai muda wa kulala.

Hata mke wangu hajui. Wewe ndiye uliyenilea, nikashindwa kukuficha.

Mdogo wako