Kesho Mama Atapanda Nyuma

Baba,

Nimeketi kukuandikia lakini kukaa kumenishinda. Nainuka, naenda kubonyeza magurudumu, narudi. Upepo umejaa. Najua umejaa, na bado nitaenda tena.

Baiskeli yako sasa naiendesha mimi. Usicheke. Tangu tukuzike Mama hajafika kanisani, maana miguu yake haiwezi ile njia, na wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba. Kila Jumapili anafunga kitambaa kichwani, anakaa mlangoni na Biblia, na kuniambia kwamba hata hapa Mungu anamsikia. Siwezi tena kumtazama akiwa hivyo.

Basi nikaanza, na miaka yangu thelathini na minne, katika uwanja wa shule watoto wakishaenda nyumbani. Rafiki yangu Ndinda alinishikia nyuma. Nilivaa suruali yako ndani ya rinda. Niliingia kwenye makonge mara tatu, kila mara upande ule ule wa kushoto, mpaka Ndinda akaniuliza, "Kwani wewe unaangalianga wapi?"

Ndipo nikajua. Tangu utoto nimepanda keria yako miguu yote ikining'inia kushoto, nikitazama mashamba ya watu yakipita. Barabara sikuwahi kuiona. Nililia pale kwenye makonge, Baba, na si kwa sababu ya miiba.

Sasa naangalia mbele. Nimempakia Ndinda hadi soko la Kanyangi na kurudi, hatukuanguka. Lakini Ndinda anaweza kuruka. Mama hawezi, na ule mteremko wa mtoni una mchanga chini. Leo nimekaza breki mara mbili.

Juzi Mama alisema mwanamke kuendesha baiskeli ni kuaibisha boma. Leo nimemkuta amekunja koti lako, analifunga kwenye keria kwa kamba liwe mto wa kukalia. Hakuniangalia. Alisema tu, "Baba yako alikuwa anaendesha pole pole."

Naogopa.

Mteremkoni nitashuka nisukume, wacha watu waseme. Kwingine kote Mama atakuwa na mgongo wangu mbele yake, si wako. Nikimsikia akilia huko nyuma sitageuka. Nitaangalia barabara, na nitamfikisha.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Mwende