Shingo ya Gitaa la Baba

Kaka,

Dawa ya miguu ya mama imefika, na paa la jikoni nimeliziba.

Lile gitaa la umeme la marehemu baba lilikuwa na shingo nene kama mpini wa jembe. Unene ule uliniumiza kidole gumba, ukanilazimisha kupiga taratibu kama yeye. Mama, akinisikia kutoka chumbani, alikuwa akisema, "Baba yenu leo katulia." Sikumkatalia. Siku nyingine hata mimi niligeuka kumtazama baba.

Juzi nikampa fundi aichonge shingo iwe nyembamba. Mkono sasa unateleza wenyewe. Nilipopiga, mama akauliza, "Nani huyo? Baba yenu yuko wapi?"

Tangu hapo analia kama siku tuliyomzika.

Waulize mafundi wa huko kama shingo iliyochongwa yaweza kurudishiwa unene wake.

Mdogo wako